Hema la Mama Mkwe

Mama aliyeniuzia hema lile hakujua kwamba ni hema. Ilikuwa siku ya soko hapa Kitale, naye alikuwa ameketi juu ya robota la makoti ya mitumba. Aliniambia kwamba ndani ya ule mfuko wa kijani mna bwawa la watoto la kuogelea. Jirani yake akabisha: "Si bwawa, bana. Hiyo ni boti. Angalia, hata pampu iko." Nikaingiza mkono, na chini kabisa ya mfuko nikagusa vigingi vyembamba vya chuma chepesi. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilijua boti haipigiliwi ardhini. Nikauchukua mfuko, nikaenda nao nyumbani nikiwa na hamu kama ya mtu aliyepokea kifurushi asichokitarajia.

Nililitandaza kwenye nyasi za nyuma ya nyumba. Hema la kawaida husimamishwa na fito, lakini hili halikuwa na ufito hata mmoja. Lilikuwa na mirija miwili ya kitambaa kigumu iliyoshonewa paani, kutoka pembe hadi pembe, ikapishana katikati. Kila mrija ulikuwa na mdomo wake upande wa ndani, pale unapokutana na sakafu, wenye kifuniko cha kusokota. Nilichomeka pampu nikasukuma. Mrija wa kwanza ukainuka polepole, ukajipinda, ukawa upinde mnene kama mkono wa mtu. Wa pili ukaufuata. Kabla chai iliyokuwa jikoni haijachemka, hema lilikuwa limesimama, la kijivu, lenye zipu mlangoni, kimo chake kikinifika kiunoni.

Mke wangu alitokea mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

"Sasa hiyo ni nini? Umenunua puto?"

"Ni hema la kubeba mgongoni."

"Na kitanda chako kimekukosea nini?"

Nililala humo mara mbili, zote mbili kwenye Mlima Elgon, nilipopanda na walimu wenzangu wakati wa likizo. Lilikuwa jepesi begani na halikuingiza mvua. Baada ya hapo lilikaa juu ya kabati la nguo, na huenda lingekaa huko hadi leo kama mama mkwe wangu hangeanza kupoteza macho.

Mama mkwe ni mjane wa Matulo, karibu na Webuye, kaunti ya Bungoma. Mimi ni mtu wa huku mlimani, mke wangu ni wa Bungoma, na nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha. Nilipooa niliambiwa mapema jinsi mkwe anavyopaswa kukaa na mama wa mkewe. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Mama halali chini ya paa la mwanamume aliyemwoa binti yake, na mwanamume haingii mahali ambapo mama huyo amelaza ubavu. Najua wengi siku hizi hawajali. Mama mkwe wangu alijali. Kila alipotutembelea alikuja asubuhi, akaketi barazani, akaletewa chai kwenye sinia yake peke yake, na jua lilipoanza kuinama akaaga. Aliniita mwalimu, nami nikamwita Mama. Tuliongea juu ya mvua na mahindi, basi.

Kisha akaanza kumwaga chai nje ya kikombe. Ilikuwa mtoto wa jicho, katika macho yote mawili, na la kulia ndilo lililokuwa baya zaidi. Tulimpeleka kliniki ya macho hapa Kitale. Daktari akasema jicho la kulia litapasuliwa Aprili. Kisha arudi kesho yake kufunguliwa bendeji, arudi tena baada ya siku chache, atiwe matone mchana kutwa, asiiname, asibebe kitu kizito, asikae karibu na moshi wala vumbi. Kwenda na kurudi Matulo kila mara haingewezekana.

Tulikaa kwenye benchi nje ya kliniki, wao wawili upande mmoja, mimi nimesimama kando kidogo.

"Utalala kwetu, Mama," mke wangu akasema. "Siku chache tu."

"Kwenu ni kwa nani?"

"Ni kwangu."

"Ni kwa mume wako."

"Basi kwa jirani. Ana chumba."

"Nimsumbue mtu na jicho langu? Afadhali nikae hivi hivi. Kuku naona."

"Mama, utapofuka!"

Mke wangu alianza kulia. Si mtu wa kulia ovyo. Ana duka la mbegu na dawa za mifugo, na huwa nasikia wakulima wakimwogopa. Mama yake alimshika goti, akalipapasa, lakini hakubadilisha neno. Nikamwambia mke wangu, kwa sauti ambayo mama yake pia angeisikia, kwamba kuna hema.

"Hema la nani?" mama akauliza, akimwangalia binti yake.

"La mwalimu."

"Basi ni paa lake." Kisha akauliza, "Amewahi kulala humo?"

"Mlimani, mara mbili."

Alifikiri kwa muda mrefu, mikono ikiwa mapajani, kama watu wanavyofikiri kesi ya mpaka wa shamba.

"Akikupa wewe," akamwambia binti yake, "nawe ukanipa mimi, litakuwa la nani?"

"Lako, Mama."

"Nimempa," nikasema palepale.

"Nami nimekupa," mke wangu akasema, huku akijifuta pua.

"Basi lioshwe kwanza. Na mwalimu asilisimamishe. Mtu akisimamisha nyumba, hiyo nyumba ni yake."

Kuosha alikubali nioshe mimi, kwa kuwa uchafu ulikuwa wangu. Nililiweka kwenye beseni kubwa la nguo, nikatumia maji baridi, sifongo na kipande kidogo cha sabuni ya mche. Sikutumia sabuni ya unga wala brashi, maana vitu hivyo hubambua ule utando unaozuia mvua, na hema likibambuka ni sawa na shuka. Nilipindua pembe zote nikatoa mchanga na majani makavu ya mlimani. Nililianika kivulini, juu ya kamba mbili, na kila nilipopita nililigeuza ili mishono ikauke.

Kisha tukakumbuka jambo ambalo hatukuwa tumeliwaza. Hema lile ni fupi. Mtu huingia akitambaa, na daktari alikuwa amekataza kuinama. Nilizunguka uani jioni nzima nikilitafakari. Mwishowe nilichukua paleti za mbao kutoka dukani kwa mke wangu, zile zinazowekewa magunia ya mbolea, nikazipanga zikafika kimo cha kitanda. Nilipigilia kila msumari uliochomoza, nikasugua mbao kwa msasa hadi kiganja kikateleza, kwa sababu kibanzi kimoja tu kingetosha kutoboa sakafu. Juu yake nikatandika magunia na zulia kuukuu. Mama angeketi ukingoni, ageuke, kisha aingize miguu, kama mtu anayepanda gari dogo.

Mke wangu alimpigia simu kuuliza kama jukwaa hilo nalo ni nyumba. Jibu likaja: meza si nyumba.

Siku ya kulisimamisha, mimi nilisimama kwenye ua na mke wangu akafanya kazi.

"Nianze na pampu?"

"Hapana, litandaze kwanza. Mlango uangalie jikoni, upepo wa mvua unatoka ule upande mwingine. Sasa funga hizo pembe nne kwenye mbao, lakini usizikaze."

"Vigingi?"

"Huwezi kupigilia vigingi kwenye paleti. Hema lenyewe linajisimamia. Kamba ni za kulizuia lisipeperuke."

Alisukuma pampu akahema. "Hadi lini?"

"Libonyeze kwa kidole gumba. Liwe kama gurudumu la mbele la baiskeli, si la nyuma."

"Mimi nijue baiskeli wapi?" Lakini alijua. Alipomaliza alikaza pembe na kamba, akazunguka akilitazama, na nikaona kwamba lilikuwa limesimama vizuri kuliko mimi nilivyowahi kulisimamisha.

Mama alitoka kliniki jioni, jicho limefunikwa kwa bendeji, akashikwa mkono na binti yake hadi kwenye jukwaa. Nilikuwa nimeketi barazani, nimewageuzia ubavu. Nilimsikia akipapasa.

"Huu ndio ukuta?"

"Hiyo ni nguzo, Mama."

"Nguzo ya nini?"

"Ya hewa."

"Ati hewa?" Paleti zikalia kidogo. "Si mbaya. Inanuka kama duka la viatu."

Asubuhi alimwambia mke wangu kwamba hema linavuja. Kitambaa chote kwa ndani kilikuwa na matone. Nikamwambia mke wangu amweleze kwamba si mvua. Ni pumzi yake mwenyewe, iliyogusa kitambaa baridi ikawa maji, na dawa yake ni kuacha vile vidirisha viwili vya juu wazi, hata kukiwa na baridi.

"Kumbe nimejinyeshea," akasema. Alifutiwa kuta kwa kitambaa kikavu, na usiku uliofuata vidirisha vikaachwa wazi.

Tulijifunza pia kwamba baridi ya Kitale hulegeza nguzo. Kulipopambazuka hema lilikuwa limelegea mabega, na kila asubuhi, kabla ya kwenda dukani, mke wangu aliliongezea hewa kidogo. Nilimwonya kwamba jua likiwaka hewa ile ile itafura, kwa hiyo asizidishe. Siku tatu za kwanza mawingu yalitusaidia.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha asubuhi na mapema, kisha jua likatoka kali sana. Mke wangu alikuwa dukani. Aprili watu wanapanda, na foleni ya mbegu hufika barabarani. Mimi nilikuwa barazani nikisahihisha mitihani. Niliposimama kujinyoosha nililiona hema, nguzo zimekaza hata mishono imekunjua makunyanzi yake yote. Nilimpigia mke wangu simu, hakushika. Nikachungulia kwa jirani, mlango umefungwa, wameenda shambani. Nilirudi nikasimama hatua kadhaa kutoka kwenye jukwaa, nikaligeuzia mgongo.

"Mama?"

"Mwalimu."

"Hizo nguzo zimejaa sana. Jua limezipasha. Lazima zipunguzwe hewa, la sivyo zitapasuka."

"Si upunguze."

"Mdomo wake uko huko ndani."

Nadhani sote wawili tulikuwa tukilipima jambo hilo.

"Nami jicho lililopasuliwa bado lina ukungu, na hili jingine ni bovu," akasema.

"Huhitaji jicho, Mama. Weka mkono kwenye pembe, upande wa kichwa, pale nguzo inaposhika sakafu. Kuna kitu kama kifuniko cha chupa."

Nikasikia kitambaa kikiparuzwa. "Nimekipata. Kinazunguka."

"Viko viwili, kimoja juu ya kingine. Fungua kile cha juu tu. Halafu bonyeza katikati na kidole, kidogo, uachilie."

Hewa ikatoka, *fiii*, ikakatika. "Inanipumulia mkononi!"

"Vizuri. Tena kidogo."

Mara ya pili sauti haikukatika. Alikuwa ameshika vifuniko vyote viwili pamoja akasokota, na mdomo mzima ukafunguka. Niligeuka bila kufikiri. Nguzo ilikuwa imekunjika katikati, na paa likashuka polepole upande mmoja hadi nikaona umbo la mtu chini ya kitambaa.

"Mama! Jicho!"

"Jicho liko sawa. Nyumba imenilalia."

Kisha akacheka. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha kifuani, cha mtu mnene kuliko yeye, na kitambaa kilitikisika nacho. Nami nilicheka, nimesimama juani, kalamu nyekundu bado mkononi.

Niliiweka pampu kwenye ncha ya jukwaa, nikarudi nyuma. Mkono wake ukatoka chini ya zipu, ukaivuta ndani.

"Polepole, Mama. Daktari alisema usitumie nguvu."

"Alikataza kubeba gunia. Hakukataza kuvuvia."

Alisukuma kidogo, akapumzika, akasukuma. Paa likapanda. Nilipomwambia abonyeze kwa kidole gumba, alijibu kwamba binti yake alishamsimulia ile habari ya baiskeli. Kisha akauliza kwa nini hewa inavimba juani ilhali hakuna aliyeiongeza. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: vitu vikipata joto vinataka nafasi zaidi, na vikinyimwa vinasukuma.

"Kama pombe ya busaa ukiifungia mtungini," akasema.

Mfano huo haukuwa sahihi sana, lakini sikumsahihisha.

Tangu siku hiyo hakumngoja mtu. Asubuhi aliongeza hewa, mchana akapunguza, jioni akaongeza. Mimi nilibaki barazani na mitihani yangu, ubavu umegeuzwa, na kutoka barazani hadi kwenye hema maneno yakaanza kupita. Aliniuliza nafundisha nini hasa. Aliniuliza kama mlima wetu una barafu, nikasema la, una mapango. Bendeji ilikuwa imeshaondolewa, lakini jicho bado lilikuwa na ukungu, na kila siku ukungu ulipungua. Asubuhi moja akamwambia binti yake, "Kumbe nyumba ni ya kijivu. Nilidhani nyeupe."

Alipopona aliondoka na hema lake. Alisimama akituelekeza kana kwamba sisi ndio wageni wa kifaa kile: lisikunjwe hadi likauke kabisa, hata chini ya sakafu, maana ukungu ukishika kitambaa hautoki. Midomo ifunguliwe, hema likunjwe kwa urefu, kisha liviringishwe kuanzia upande wa mbali kuelekea midomo ili hewa isukumwe nje. Mke wangu aliviringisha, mama akakagua. Akaubeba mfuko kwapani hadi stendi.

Sikujua alikuwa akiwaza nini hadi shemeji yangu alipopiga simu kutoka mahali paitwapo Kwanza. Huyu ni dada mdogo wa mke wangu, ameolewa na mkulima wa mahindi. Alijifungua watoto wake wote bila mama yake kulala kwake hata usiku mmoja. Sasa alikuwa akipiga kelele kwenye simu: mama amefika, amevua viatu, amesimamisha nyumba kando ya ghala, na anasema ataondoka mahindi yakishapukuchuliwa.

Huko Matulo haikupita bila maneno. Mke wangu alisimuliwa kwamba kanisani wanawake wenzake Mama walimwuliza kama huo si ujanja, paa ni paa. Akawajibu kwamba paa linaloingia kwenye kikapu si paa, ni mwavuli. Wengine walikubali, wengine hawakukubali. Yeye aliendelea kusafiri.

Huko Kwanza jogoo alipanda juu ya hema akaliparura, na nguzo moja ikaanza kulegea kila baada ya saa chache. Mama alinipigia mimi moja kwa moja. Nilimwambia afungue zipu ndogo iliyo kando ya nguzo, atoe ule mpira wa ndani, aujaze hewa na kuuzamisha kwenye karai la maji. Pale viputo vinapotoka, aweke alama kwa kalamu, aukaushe, aubandikie kile kiraka cha plastiki kilichokuja na mfuko, na asiurudishie hewa hadi kesho yake.

"Viputo nimeviona," akasema. "Kwa macho yangu."

Mwaka huu walimpasua jicho la kushoto. Alikuja siku moja kabla, akakuta paleti zimepangwa na kusuguliwa. Alilisimamisha hema mwenyewe, binti yake akimshikia pembe tu. Hatujawahi kushikana mikono hadi leo, na chai yake bado huja kwenye sinia yake.

Jioni moja, bendeji ikiwa imeshatoka, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa jukwaa miguu ikining'inia, nami niko barazani. Bila kuulizwa alianza kusimulia alipokuwa bibi harusi mpya huko Matulo. Alikuwa ametoka kuzaa mtoto wa kwanza, anaumwa, na mama yake mzazi akatembea kwa miguu kuja kumwona. Walikaa pamoja mchana. Jua lilipoinama mama yake akainuka, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kulala. Mvua ilikuwa ikinyesha. Yeye alibaki amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akamwangalia akienda na jani la mgomba kichwani hadi njia ilipopinda.

"Alikuja tena?" nikauliza.

"Alikuja. Lakini hakulala."

Mke wangu alikuwa ameacha vyombo jikoni, amesimama mlangoni na mikono yenye povu. Baadaye aliniambia kwamba hata yeye hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Mama aliinua miguu, akaiingiza ndani, akabonyeza nguzo kwa kidole gumba, akaona inatosha. Kisha akavuta zipu.